Kisanduku cha Kupunguza Sauti ya Gitaa, na Sikio Linalolia

Haya ni mazungumzo ya mwelimishaji wetu wa afya na wanafunzi wa sekondari wapenda muziki, Kilole, Korogwe.

Naona wa nyuma bado mnavuta viti. Vuteni tu, tuanze.

Mada niliyopewa ni afya ya masikio. Lakini mwalimu wenu alipitisha sanduku la maswali kabla sijaja, na humo nimekuta karatasi moja ambayo imenibadilishia mazungumzo yote. Jina halimo, wala sitaki kulijua. Naisoma kama ilivyo:

"Dada, mjomba alikuwa mpiga solo. Amenipa amplifaya yake ya zamani ya valvu, wati 50. Nimeiweka geto. Nikiifungua kidogo haina utamu, nikiifikisha namba 7 inalia bomba lakini mama mwenye nyumba anagonga ukuta. Nimesikia kuna kisanduku kinafungwa kati ya amplifaya na spika, kinapunguza sauti. Nichague kipi? Halafu usiku sikio la kushoto linalia nyiii mpaka napitiwa na usingizi. Ni kawaida?"

Acheni kucheka jamani, huenda ni jirani yako hapo. Karatasi hii ina maswali mawili, na mwenyewe kaliweka lile kubwa mwishoni. Ndivyo wagonjwa wengi wanavyofanya: unamweleza daktari habari za mguu, umeshafika mlangoni ndipo unageuka kusema na kifua kinabana. Lakini nitaanza na kisanduku, maana najua bila hicho hamtanisikiliza.

Kwanza tuelewane kwa nini amplifaya ya valvu haitaki kupigwa ndogo. Valvu ni vile vichupa vya kioo vinavyowaka wekundu kwa ndani kama balbu iliyochoka. Atomic Jazz na Jamhuri Jazz walipokuwa wanaipamba Tanga miaka ya 1960 na 1970, amplifaya nyingi za gitaa duniani zilikuwa za aina hiyo. Transista ukiisukuma kupita uwezo wake, sauti inakatika kama imechanwa. Valvu yenyewe inalegea polepole, sauti inanenepa, nota inakaa hewani. Utamu huo unatoka pale valvu kubwa za mwisho zinapofanya kazi kwa nguvu. Kwa hiyo anayekwambia "punguza tu volyumu" amemwonea huruma jirani, ila kwa mpiga gitaa ni kama kuambiwa apike pilau kwa mshumaa.

Kisanduku hicho mafundi hukiita atenyueta. Kinaiacha amplifaya ijitume, halafu kinameza sehemu kubwa ya umeme kabla haujafika kwenye spika na kuugeuza kuwa joto. Basi, hakuna uchawi. Mmoja wa waliokieneza ni Tom Scholz, mpiga gitaa wa bendi ya Boston ya Marekani, ambaye pia ni injinia. Alianzisha kampuni yake mwaka 1980, na kisanduku cha namna hii kilikuwa bidhaa yake ya kwanza.

Sasa hesabu. Toeni daftari.

Spika ya gitaa ya inchi 12, ikipewa wati 1 tu, mara nyingi hutoa desibeli zipatazo 97 ukiwa mita 1 mbele yake. Wati zikizidishwa mara 10, desibeli zinaongezeka 10. Kwa wati 50 unafika kama 114. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inasema desibeli 85 mwisho saa 8 kwa siku, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu. 88, saa 4. 91, saa 2. Ukifika 100 umebakiwa na dakika 15. Endeleeni wenyewe hadi 114.

Mmepata? Ndiyo, chini ya dakika 1. Wimbo haujafika hata kwenye kibwagizo.

Turudi kwenye kisanduku. Ukizishusha zile wati 50 zikabaki 5, umepunguza desibeli 10 tu. Sikio litakwambia kelele imepungua kama nusu, utafurahi, lakini bado uko 104, yaani dakika 6 hivi. Shusha tena ibaki nusu wati: 94, saa 1. Shusha tena ibaki sehemu moja ya ishirini ya wati: 84. Hapo ndipo mtu anaweza kufanya mazoezi jioni nzima. Umepunguza desibeli 30! Na chumba cha geto ni kidogo, sakafu ya saruji, juu bati bila dari, sauti inagonga huku na huku. Kwa hiyo jambo la kwanza la kuuliza dukani ni hili: kinashusha desibeli ngapi? Vipo vinavyoshusha 3, 6 na 10 basi. Hivyo vinafaa jukwaani au kanisani. Geto havitoshi.

Jambo la pili ni omu. Nyuma ya amplifaya ya mjomba utaona imeandikwa 4, 8 au 16. Amplifaya ya valvu ni lazima ikutane na mzigo iliotengenezewa. Kama kisanduku ni cha omu 8 peke yake, amplifaya nayo iwekwe 8, na spika iwe 8. Usibahatishe.

Halafu wati za kisanduku. Wengi huteleza hapa. Amplifaya iliyoandikwa wati 50 ikifunguliwa mpaka inakwaruza inaweza kutoa zaidi sana ya 50, hata kukaribia mara mbili. Chukua kisanduku cha wati 100. Kile cha 50 kinaweza kuungua, na kikiungua kinaweza kuondoka na amplifaya. Na kwa kuwa kazi yake ni kutengeneza joto, usikiweke juu ya godoro wala kukifunika kitambaa, na matundu yake yasizibwe.

Aina ni mbili. Ile rahisi ina vizuizi vya umeme tu, rizista. Ile ya bei zaidi ina koili ndani, inaifanya amplifaya idhani imefungwa kwenye spika halisi. Ukishusha kidogo, tofauti ni ndogo. Ukishusha sana kama unavyohitaji wewe, ile rahisi mara nyingi inafanya sauti iwe kama imefunikwa blanketi. Lakini msiilaumu peke yake. Sikio la binadamu lenyewe, sauti ikiwa ndogo, halisikii besi vizuri, na nota kali zinapungua pia. Ongeza besi kidogo kwenye amplifaya, utaona mabadiliko kabla hujatumia pesa zaidi.

Mambo ya usalama nayasema kwa haraka, ila yaandikeni. Tumia waya wa spika. Waya wa gitaa ni mwembamba, haukutengenezewa kubeba nguvu hiyo. Zima amplifaya kabla ya kuchomoa kitu chochote, maana amplifaya ya valvu ikiwaka bila spika wala mzigo inaweza kuunguza transfoma. Na usiifungue kamwe! Ndani kuna volti 400 na zaidi, na kapasita zinaweza kuutunza umeme huo hata baada ya kuchomoa plagi ukutani. Huo unaua. Mwachie fundi anayezijua, na mwulize kwanza kama ameshawahi kuzishika.

Kisanduku pia hakizipumzishi valvu. Zinachoka vilevile kama uko uwanjani, na za kubadilisha zinaagizwa nje.

Mtaniuliza, wewe dada ungefanyaje? Mimi nisingenunua kwanza. Ningeiweka amplifaya ya mjomba kwa ajili ya jukwaani, na geto ningetumia amplifaya ndogo ya transista au gitaa kavu, lile wazee wanaloliita galatoni. Vidole havijui kama kuna valvu, vinajifunza vilevile. Wengine hukimbilia amplifaya ya valvu ya wati 5 wakidhani ni ndogo. Tumeshapiga hesabu yake: 104. Lakini kama umeipenda ile sauti ya mjomba na pesa ipo, nunua kisanduku, sikukatazi. Ninachokataza ni kununua kisanduku ukadhani umenunua masikio.

Haya, sikio la kushoto.

Ndani kabisa ya sikio kuna kijumba kilichojikunja kama konokono. Humo zimepangwa chembe zenye vinyweleo, zipatazo 15,000 katika kila sikio, nazo ndizo zinazogeuza mtikisiko wa sauti kuwa habari ya kupelekwa kwenye ubongo. Kelele inazilaza kama upepo unavyolaza mahindi. Ikiwa ni kidogo zinainuka tena, na ule mlio unaisha baada ya saa kadhaa au siku moja. Ikiwa ni kali, au ya kila siku, zinakufa. Kwa binadamu haziotagi tena. Hakuna sindano wala dawa ya dukani ya kuzirudisha.

Na haziondoki zote kwa pamoja. Zinazotangulia kwa kelele ni za sauti nyembamba, ambako ndiko zilipo herufi kama s, sh na f. Ndiyo maana mtu anasema "nasikia, ila sielewi wanachosema". Mwalimu anataja "sita", wewe unaandika kingine. Mpiga gitaa yeye anafanya jambo la hatari zaidi: anaona gitaa limefifia, anaongeza sauti nyembamba, anaongeza na volyumu. Anajimalizia.

Pete Townshend wa bendi ya The Who ya Uingereza alikuwa mmoja wa wale walioshawishi amplifaya za Marshall zifike wati 100 katikati ya miaka ya 1960. Amesema hadharani kwamba usikivu wake umeharibika na masikio yanamlilia. Na mwenyewe amezilaumu zaidi spika za masikioni alizotumia studio. Ninyi mnaotembea na za simu siku nzima, mmesikia hapo? Shirika la Afya Duniani linashauri desibeli 80 zisizidi saa 40 kwa wiki, na kwa watoto ziwe 75.

Sasa ndugu mwenye karatasi, nakujibu moja kwa moja. Si kawaida. Mlio baada ya kelele ni sikio linalokwambia limezidiwa. Tena wewe linalia moja tu, na hiyo ni sababu ya kwenda kupimwa. Inaweza kuwa umesimama na sikio hilo limeelekea spika. Inaweza kuwa nta, inaweza kuwa usaha, inaweza kuwa kitu kingine kabisa kisichohusu gitaa. Anza Hospitali ya Magunga hapa hapa Korogwe, mweleze daktari kila kitu, pamoja na dawa ulizotumia, maana zipo sindano na dawa zinazogusa masikio, kwinini ikiwemo. Ukiamka siku sikio limezima ghafla, usingoje mwisho wa wiki, nenda siku hiyo hiyo. Na msichokonoe kwa njiti ya kibiriti wala unyoya wa kuku. Mafuta ya moto ndiyo kabisa, msithubutu!

Wakati unangoja kupimwa, ipumzishe amplifaya. Ukirudi, usiiweke spika sakafuni ikielekea miguu. Watu wengi hufanya hivyo, hawazisikii nota kali kwa sababu zinapita chini, wanaongeza. Iinamishe ikuangalie usoni, utashangaa utakavyopunguza mwenyewe. Kipimo cha bure ni hiki: mwenzako asimame umbali wa mkono mmoja. Ikibidi apaze sauti ndipo umsikie, mko kama 85 au zaidi.

Kuna mkono pale. Pamba? Hapana kaka, pamba ya kawaida haizuii kitu cha maana, na karatasi ya chooni ni hivyo hivyo. Vizibo vya sifongo vinafaa: unakisokota kiwe chembamba, unavuta sikio juu kwa mkono wa upande wa pili, unakiingiza, unakishikilia mpaka kijae.

Na wewe dada? Mama mwenye nyumba. Swali zuri. Kisanduku hakitoi shikamoo. Nenda ukiwa huna gitaa mkononi, umwulize saa gani mtoto wake halali, mkubaliane muda. Sheria ya kelele nayo ipo, mwaka 2022 NEMC walizifungia baa kadhaa kwa ajili hiyo, lakini sidhani mama yule anataka kufika huko. Anataka kulala tu.

Vizibo nimevileta, viko kwenye boksi pale mezani, jozi moja kwa kila mtu. Wapiga ngoma waanze, halafu wa gitaa. Mwenye karatasi achukue jozi mbili, na achukue wakati watu wanatoka ili nisimjue.