Mtoto wa Diff haji chekechea mikono mitupu

Watoto wengi wa Diff, kule Wajir Kusini, hupitia duksi, yaani chuo cha Kurani, kabla ya chekechea. Huko huandika aya kwenye ubao wa mti na kuzikariri, hivyo wanajua tayari kwamba kila alama ina sauti yake. Kisha tunawapokea darasani kama wasiojua kitu, tukawamwagia Kiingereza!

Sera ya elimu inataka lugha ya nyumbani itumike hadi gredi ya tatu, na Kisomali, lugha ya watoto hawa, kina maandishi rasmi ya Kilatini tangu 1972. Ugumu upo, tena si mdogo: katika Kisomali, herufi c husomwa kama ain ya Kiarabu, na x ni ha ya kooni. Mwalimu asiyelijua hilo atamkosoa mtoto aliyepatia.

Kwa Katiba ya 2010 elimu ya awali ni mzigo wa kaunti, wala si wa serikali kuu ya Nairobi. Basi kaunti ya Wajir, kabla ya kupaka kuta rangi, ichapishe vitabu vyembamba vya hadithi za fisi na ngamia kwa Kisomali. Na nyanya wanaojua vitendawili waalikwe darasani, walipwe.