Mafao ya Walemavu: Lindo Haliachwi Wazi

Katika mazungumzo ya leo tunaitazama Uingereza, nchi ambayo kwa zaidi ya miaka kumi imewahamisha walemavu wake kutoka katika mafao ya zamani na kuwaingiza katika utaratibu mpya wa malipo.

Sheria ya mabadiliko hayo ilipitishwa mwaka 2012. Mwaka uliofuata, malipo mapya yaitwayo Universal Credit yakaanza kutolewa katika mji wa Ashton-under-Lyne. Shabaha yake ilikuwa njema: malipo ya aina sita, ikiwamo posho ya wasioweza kufanya kazi kwa sababu ya maradhi au ulemavu, yaunganishwe kuwa moja. Kazi hiyo ilitazamiwa kumalizika mwaka 2017. Mwaka huo ukapita, na kazi ikaendelea.

Hata hivyo, ndugu wasikilizaji, kasoro haikuwa kuchelewa peke yake. Mgonjwa alitwishwa mzigo uliostahili kubebwa na ofisi. Yeye hakuhamishwa kwa kalamu ya karani. Aliletewa barua na kupewa miezi mitatu aombe upya mwenyewe. Asipoomba, malipo ya zamani yalikatwa. Alipokwisha kuomba, alisubiri yapata majuma matano kabla ya kupokea malipo ya kwanza. Alipokopeshwa fedha za kujikimu siku hizo, deni lilikatwa katika malipo yaliyofuata. Ni mwaka 2020 tu ndipo waliokuwa wakipata posho ya maradhi waliporuhusiwa kuendelea kuipokea kwa majuma mawili ya kipindi hicho.

Wako waliopoteza zaidi. Wanaume wawili wenye ulemavu mkubwa walihama makazi, wakajikuta wameingizwa katika utaratibu mpya na kupungukiwa pauni 178 hivi kila mwezi. Walikwenda mahakamani. Juni 2018 Mahakama Kuu ilitamka kwamba walibaguliwa kinyume cha sheria, na Januari 2020 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufani ya Serikali.

Lakini nchi hiyo hiyo imeonyesha kwamba njia nyingine ipo. Aprili 2013 iliweka posho maalumu kwa askari walioumia vibaya katika utumishi. Askari ambaye mpango wa fidia wa majeshi umekwisha kumkadiria malipo ya kiwango cha asilimia 50 au zaidi hapimwi tena ili kuipata. Uamuzi wa kwanza watosha. Basi, linalowezekana kwa askari, kwa nini lisiwezekane kwa fundi aliyeanguka kiwandani?

Ninyi mnaoshika zamu mnalijua jambo hili kuliko wengi. Mlinzi haondoki lindoni kwa kuwa saa zake zimetimia. Huondoka mwenzake akiisha kufika na kupokea zamu. Vivyo hivyo malipo ya zamani yangepaswa kulishika lindo mpaka malipo mapya yamfikie mlemavu mkononi. Serikali yoyote ina haki ya kurahisisha kazi zake. Haina haki ya kufanya hivyo kwa kupunguza chakula katika sahani ya mnyonge.

Wahenga walinena: hujafa hujaumbika. Askari aendaye doria asubuhi akiwa mzima hajui jioni atarudi vipi. Kwa hiyo haki ya mlemavu ni akiba yetu sote.