Punda Milia Akifichika Kichakani, Kamera Huhesabu Nini?



Mchungaji akiona ng'ombe amepotelea nyuma ya kichaka hashtuki. Anajua yupo, anajua alikuwa akielekea wapi, na hutazama upande wa pili. Kompyuta haijui hayo. Kwake, video ni picha nyingi zinazofuatana, aghalabu 25 au 30 kila sekunde, na kila picha ni nukta za rangi tu. Mengine yote lazima ifundishwe.

Jambo hili linawahusu wakazi kwa sababu mnamo Januari 2023 watafiti walirusha droni katika Kituo cha Utafiti cha Mpala, humu humu Laikipia, wakawapiga video twiga, punda milia wa kawaida na punda milia wa Grevy. Zaidi ya saa 10 za video hizo zimewekewa alama, ili kompyuta ijifunze kutambua nani anakula, nani anatembea na nani ameinua kichwa.

Kazi ya kwanza ni mwendo. Programu hulinganisha picha mbili zinazofuatana na kutafuta kila nukta imehamia wapi. Lakini droni nayo inasogea, hivyo ardhi nzima huonekana ikikimbia. Mwendo wa ardhi hukadiriwa kwanza, kisha kinachokwenda tofauti nao hudhaniwa kuwa mnyama. Hata hivyo, kilele cha mgunga huonekana kikienda kasi kuliko nyasi, kwa kuwa kiko karibu zaidi na kamera. Tofauti hiyo hiyo ndiyo huisaidia kompyuta kukisia urefu na umbo la vitu.

Milia nayo huongeza taabu. Ukichungulia mstari kupitia tundu dogo, nao ukasogea kufuata urefu wake, hutaona badiliko lolote. Programu inayotazama vipande vidogo vya picha hudanganyika vivyo hivyo, na hulazimika kutafuta msaada kwenye ncha za masikio na kwato.

Kisha kuna kufichika, na hapa ndipo penye kazi. Punda milia wawili wakipishana, mmoja humfunika mwenzake. Ukingo unaoonekana kati yao ni wa aliye mbele. Programu isipolijua hilo huunganisha kichwa cha huyu na kiuno cha yule. Au aliyefunikwa anapojitokeza tena, hupewa namba mpya na kuhesabiwa mara mbili.

Punda milia wa Grevy ni wachache mno kwa makosa ya namna hiyo. Hesabu ya 2016, ambayo wananchi walishiriki kwa kupiga picha, ilikadiria 2,350 nchini Kenya. Ile ya 2018 ilikadiria 2,812. Mwaka 2016 washiriki walitakiwa kupiga ubavu wa kulia pekee. Milia ya kushoto hailingani na ya kulia, na mnyama mmoja angeweza kugeuka wawili kwenye orodha.

Video za Mpala zina alama za aina 8. Saba ni za matendo. Ya nane husema tu kwamba mnyama amefichika, nayo ina uzito kuliko inavyodhaniwa. Bila hiyo, muda ambao mnyama yuko nyuma ya mti ungejazwa kwa kukisia, na hesabu ya muda anaotumia kula ingepotoka. Hesabu kama hizo zinaweza kuletwa mezani siku malisho yanapojadiliwa. Mfugaji ana haki ya kuuliza: muda wa kufichika ulikuwa kiasi gani, na umeandikwaje?

Kuhusu droni zenyewe, hazirushwi kiholela. Lazima Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, KCAA, itoe idhini. Mtu anayetambulika kwenye video analindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Sasa ni zamu ya maswali. Wafugaji waanze.