Daftari la Karani na Barua za Tajiri

Mada iliyotolewa kwa makarani wa masjala, maafisa wa nyaraka na wasimamizi wa wadi



Tarehe 26 Septemba 1855, katika mji wa Cleveland, jimbo la Ohio nchini Marekani, kijana wa miaka 16 aliajiriwa na kampuni ya uwakala wa mazao iitwayo Hewitt & Tuttle. Alikuwa karani msaidizi wa hesabu. Hakuambiwa atalipwa kiasi gani. Mwaka ulipokwisha ndipo alipopokea dola 50 kwa miezi ile mitatu.

Kijana huyo alinunua daftari dogo jekundu, akalipa jina la Ledger A, akawa anaandika humo kila senti iliyoingia na kila senti iliyotoka. Kodi ya chumba imo. Nguo zimo. Sadaka ya kanisa imo, na ukipiga hesabu ya mwaka wake wa kwanza kazini unapata kwamba alitoa takriban asilimia 6 ya mshahara wake. Mwaka 1859 alitoa fedha kwa mtu mweusi huko Cincinnati aliyetaka kumkomboa mkewe kutoka utumwani, na hilo pia liliandikwa.

Jina la karani huyo ni John D. Rockefeller. Mwaka 1870 alianzisha Standard Oil pamoja na wenzake, na kampuni hiyo ikafikia kushika karibu asilimia 90 ya usafishaji wa mafuta Marekani. Hata alipokuwa tajiri mkubwa, aliendelea kuisherehekea tarehe 26 Septemba na kuipandishia bendera kila mwaka. Wapo makarani katika ukumbi huu ambao huambiwa kwamba kazi ya masjala ni ya kupanga karatasi tu. Wamkumbuke huyo.

Familia ya namna hiyo huzalisha karatasi nyingi. Kulikuwa na ofisi maalumu ya familia mjini New York, kwanza katika jengo la 26 Broadway na baadaye Rockefeller Plaza, ambako mambo ya biashara, ardhi, nyumba, misaada na mirathi yalifunguliwa faili. Kulikuwa na shamba kubwa la Pocantico Hills, kaskazini mwa jiji hilo, na jumba la Kykuit lililokamilika mwaka 1913. Mzee mwenyewe alipofariki mwaka 1937, akiwa na miaka 97, alikuwa ameacha maandishi ya zaidi ya miaka 80. Mwaka 1974 kikaanzishwa kituo cha nyaraka, Rockefeller Archive Center, katika nyumba iitwayo Hillcrest huko Sleepy Hollow, ili watafiti wapate kuzisoma. Ledger A iko huko.

Lakini daftari la sadaka ni rahisi kulihifadhi. Nani asingependa wajukuu walione? Karatasi zilizo ngumu kuhifadhi ni zile za Colorado.

Familia hiyo ilikuwa na hisa nyingi kuliko wengine wote katika kampuni ya makaa ya mawe na chuma ya Colorado Fuel and Iron. Septemba 1913 wachimba migodi waligoma wakidai, pamoja na mambo mengine, chama chao kitambuliwe. Walifukuzwa katika nyumba za kampuni, wakahamia na familia zao kwenye mahema. Tarehe 20 Aprili 1914, katika kambi ya Ludlow, wanamgambo wa jimbo na walinzi wa kampuni walipambana na wagomaji kwa risasi, kisha mahema yakachomwa moto. Chini ya hema moja kulikuwa na shimo walimojificha wanawake na watoto. Wanawake 2 na watoto 11 walifia humo.

Mwana wa mzee, John D. Rockefeller Jr., ndiye aliyekuwa akisimamia hisa hizo. Baada ya maafa alimwajiri Ivy Lee, mwandishi wa zamani wa magazeti ambaye leo vitabu vya fani ya uhusiano mwema humtaja miongoni mwa waasisi wake. Lee alitoa mfululizo wa vijarida kueleza upande wa kampuni, na vikasambazwa nchi nzima. Ndani yake kulikuwa na takwimu za uongo, hasa kuhusu malipo ya viongozi wa chama, yaliyotajwa kuwa makubwa mno kuliko yalivyokuwa. Alipohojiwa na tume ya serikali alikiri kwamba alichapisha alichopewa na kampuni bila kukihakiki. Kila afisa wa habari, wa kampuni au wa kaunti, afaa kuisoma sehemu hiyo mara mbili.

Tume hiyo iliongozwa na Frank Walsh. Januari 1915 Rockefeller mdogo alifika mbele yake na kujieleza kama mwenye hisa aliye mbali, ambaye uendeshaji wa migodi aliwaachia wakuu wa kampuni. Maelezo hayo yalipokelewa vizuri na watu wengi, kwa kuwa alizungumza kwa upole. Kisha tume ikatumia nguvu ya sheria kuzipata barua kati ya ofisi ya New York na wakuu wa kampuni Colorado, ikazitoa hadharani. Zilionyesha kwamba alikuwa akiandikiwa habari za mgomo tangu mwanzo, na kwamba aliwaunga mkono na kuwapongeza wakuu hao kwa kukataa kukitambua chama.

Bila barua zile, leo kungebaki maneno ya tajiri dhidi ya maneno ya wajane. Zilikuwepo kwa sababu karani fulani, asiyetajwa katika kitabu chochote, alipiga nakala, akaandika tarehe, akaweka kwenye faili. Na jambo linalostahili sifa ni kwamba familia ilipokuja kufungua kituo chake miaka 60 baada ya Ludlow, faili za kampuni ya Colorado zilikuwamo. Mtafiti akifika anaomba Ledger A na anaomba faili za Ludlow, na zote anapatiwa chini ya paa moja.

Kenya nayo imo katika makabati hayo. Wakfu wa Rockefeller, ulioanzishwa mwaka 1913, ulifadhili Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichounganisha Makerere, Nairobi na Dar es Salaam kuanzia 1963 hadi 1970. Anayetaka kujua fedha hizo ziliombwaje na zilitumikaje, sehemu ya jibu iko Sleepy Hollow. Ni jambo la kufikirisha kidogo, mtu kukata tikiti ya ndege ili asome historia ya nyumbani.

Hapa nyumbani sheria iko wazi. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya habari iliyo mikononi mwa Serikali. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaitaka kila taasisi ya umma kutunza kumbukumbu za maamuzi na malipo yake kwa utaratibu mzuri. Kuharibu nyaraka za umma bila idhini ya Mkurugenzi wa Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ni kosa, hata kama stoo imejaa na mchwa wameanza kazi.

Kaunti zilipoanza mwaka 2013 zilirithi faili za mabaraza ya miji na wilaya: ramani za viwanja, stakabadhi za kodi ya ardhi, orodha za wapangaji wa vibanda sokoni. Mjane anayefuatilia kiwanja cha marehemu mumewe hana ofisi ya familia wala jumba la Hillcrest. Ana risiti moja iliyochakaa, na tumaini kwamba nakala ya pili iko kwenye kabati la kaunti. Karani anapokuta katika faili hiyo barua ya malalamiko dhidi ya ofisi yake mwenyewe, aipe namba ya ukurasa kama nyingine zote na kuirudisha mahali pake.

Fomu za kuorodhesha faili za zamani ziko mezani karibu na mlango. Maswali yanakaribishwa.