Ruhuhu: mtumbwi wa familia na mto wa makaa



Mto Ruhuhu ndio mto mkubwa kuliko yote iingiayo Ziwa Nyasa upande wa Tanzania. Unamwaga maji yake ziwani kati ya Manda na Lituhi. Bonde lake lina makaa ya mawe yaliyolala ardhini kwa zaidi ya miaka milioni 250. Ngaka, katika Wilaya ya Mbinga, uchimbaji ulianza mwaka 2011. Na huko Ludewa yako makaa ya Mchuchuma, na chuma cha Liganga hakiko mbali. Habari za makaa hayo zimeandikwa kwa wingi, kwa tani na kwa fedha. Lakini lipo jambo jingine la mto huu ambalo halimo katika faili lolote, nalo ni utoto wa wale waliokulia ndani ya mitumbwi yake.

Mtu wa Lituhi au Manda ambaye leo ana miaka sabini anaukumbuka mtumbwi kama wengine wanavyolikumbuka darasa la kwanza. Baba alisimama nyuma na upondo, au alikaa na kafi pale maji yalipokuwa na kina. Mama aliketi katikati na kikapu cha muhogo na mtoto mchanga. Watoto wakubwa walikuwa na kazi yao: kuchota kwa kibuyu maji yaliyoingia, na kukaa kimya. Kelele na kuhamahama ndani ya mtumbwi wa gogo moja si utundu tu, ni hatari, na Ruhuhu una mamba. Hapana shaka nidhamu hiyo iliingia haraka kuliko ile ya kiboko.

Safari yenyewe haikuwa matembezi ya kujifurahisha. Familia ilivuka kwenda shambani, msibani, zahanati, au kwa ndugu wa ng'ambo ya pili. Hata hivyo watoto walifurahi. Walijifunza kuujua mkondo kwa rangi ya maji, na fungo la mchanga lililohama baada ya mvua. Walijifunza pia kwamba mwera, ule upepo wa kusini unaovuma kwa nguvu kuanzia miezi ya Mei na Juni, hausubiri mtu amalize shughuli zake ziwani. Wamatengo wa Maguu, wanaolima ngoro katika milima ya juu, wao waliujua mwambao kwa miguu zaidi: walishuka na maharage, wakapanda na usipa. Mtoto wa Maguu aliyepakiwa mtumbwini kwa mara ya kwanza alichekwa na wenzake wa Kinyasa, naye akawalipa siku waliyopanda mlima.

Katika kumbukumbu hizo yumo samaki mmoja anayestahili kuangaliwa na kila mwenye dhamana. Mbasa huishi ziwani, lakini wakati wa mvua hupanda mito ili kutaga mayai kwenye changarawe safi yenye maji yanayokwenda. Ruhuhu ni moja ya mito yake mikubwa. Tope likifunika changarawe hiyo, mayai hukosa hewa na kufa. Tope hilo linaweza kutoka shamba lililolimwa hadi ukingoni, barabara ya malori, au shimo la mgodi. Na ni rahisi mno kwa kila mmoja kumsingizia mwenzake. Nyavu zinazozibwa mdomoni mwa mto nazo zina sehemu yao.

Taifa linahitaji makaa. Viwanda vya saruji vinayachoma, na vijana wa Mbinga na Nyasa (wilaya iliyojitenga na Mbinga mwaka 2012) wanahitaji kazi. Tatizo ni la kipimo. Afisa anapopima maji ya mto leo, anayalinganisha na nini? Rekodi za zamani ni chache. Lakini wazee waliopanda mitumbwi miaka ya 1950 na 1960 wanajua mbasa walitagia wapi, maji yalianza kuchafuka mwezi gani, na changarawe ilionekana hadi kina gani. Ujuzi huo una kasoro zake, kwani kila mzee huona samaki wa utoto wake kuwa wakubwa zaidi. Ukikusanywa kwa watu wengi na kulinganishwa, ni ushahidi.

Sasa kuna daraja la kuvukia kati ya Ludewa na Nyasa, na hakuna wa kulilalamikia, maana watu walikufa katika kuvuka. Ila watoto wanaopita juu yake ndani ya basi hawaoni changarawe. Kazi hii basi ni ya walimu, nayo haihitaji bajeti. Wanafunzi wa darasa la sita katika shule zilizo kando ya mto waende kwa babu na bibi zao na daftari na ramani waliyoichora wenyewe, wawaombe waonyeshe kwa kidole mahali mbasa walipotaga. Nakala moja ibaki shuleni, nyingine ipelekwe kwa afisa uvuvi wa wilaya, kabla ya mvua zijazo.