Mshairi Akifa Anajengewa Sanamu, Akiwa Hai Je?

Leo tuache kidogo habari za mpira na bei ya unga, twende Kharkiv, mji wa pili kwa ukubwa nchini Ukraine. Katika bustani ya mji huo ipo sanamu ya shaba ya mzee mwenye masharubu mazito. Pamoja na nguzo yake inapita mita 16, sawa na ghorofa tano! Huyo ni mshairi Taras Shevchenko.

Alifanya nini huyu bwana? Alizaliwa mwaka 1814 akiwa mtwana, mali ya mwenye shamba, kama ng'ombe. Mwaka 1838, akiwa na miaka 24, marafiki zake wasanii walichezesha bahati nasibu ya picha, zikapatikana rubo 2,500, akanunuliwa uhuru wake. Miaka miwili baadaye akatoa kitabu chake cha kwanza cha mashairi, Kobzar, kwa Kiukraine, lugha ambayo wakubwa waliidharau wakiita ya washamba.

Mwaka 1847 akakamatwa. Akapelekwa mbali jeshini kwa nguvu, na Tsar Nicholas wa Kwanza akaagiza asiandike wala asichore. Unajua alifanyaje? Aliandika kwenye vijitabu vidogo akavificha ndani ya buti! Alikaa huko miaka 10. Akafa Machi 10, 1861, siku saba tu baada ya Tsar mwingine kutia sahihi amri ya kufuta utwana.

Sasa sikilizeni vizuri. Sanamu ya Kharkiv ilizinduliwa mwaka 1935, kazi ya mchongaji Matvey Manizer, na aliyetawala wakati huo ni Stalin. Miaka miwili tu nyuma, 1932 hadi 1933, serikali yake ilikuwa imewanyang'anya wakulima nafaka na mamilioni ya Waukraine wakafa kwa njaa. Les Kurbas, bingwa wa tamthilia wa mji huohuo, alikamatwa mwaka 1933, akapigwa risasi mwaka 1937. Marehemu alipewa shaba, walio hai wakapewa risasi!

Kwa nini? Kwa sababu marehemu habishi. Kuizunguka nguzo ile kuna sanamu nyingine 16: zinaanza na watwana wenye mateso, zinaishia na wafanyakazi na askari wa Kisovieti. Maana yake: nyamazeni, ukombozi umekwisha kufika.

Lakini wananchi si wajinga. Mashairi walikuwa nayo vichwani hata kabla ya shaba. Urusi ilipoivamia Ukraine mwaka 2022 na mabomu yakaanguka Kharkiv, watu walipanga mifuko ya mchanga kuizunguka sanamu hiyo kuilinda. Iliyosimikwa na dola ikawa mali ya umma.

Ndugu zangu, somo ni hili. Kiongozi akikata utepe kwenye sanamu ya shujaa wa zamani, usikimbilie kupiga makofi. Muulize kwanza: huyu anayeandika leo, mwenye miaka 24 na kalamu mkononi, yuko wapi? Yuko mezani kwake au yuko rumande? Jibu la swali hilo ndilo litakuonyesha kama anampenda mshairi au anapenda shaba tu.