Kata kumi na moja

Leo nimekuja na takwimu, lakini usihamishe stesheni. Ni chache na zina jambo ndani yake.

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 230,166 wilayani Karatu na 174,278 kwa jirani yake Ngorongoro. Ikaja sensa ya Agosti 2022: Karatu 280,454, Ngorongoro 273,549. Karatu imeongeza watu elfu hamsini, Ngorongoro karibu laki moja. Kwa vichwa, wilaya hizi mbili sasa zinakaribia kulingana.

Kwa ardhi, hapana. Karatu, iliyomegwa kutoka Mbulu miaka ya tisini, ina kilomita za mraba 3,300 hivi, na imejaa: mashamba ya Wairaqw huku juu, vitunguu vya Mang'ola kule chini, na kando ya Ziwa Eyasi Wadatoga na Wahadzabe. Ngorongoro ina 14,000 na ushei. Utasema wenzetu wana nafasi. Subiri kwanza. Katika hizo, 8,292 ni Eneo la Hifadhi, lililotengwa mwaka 1959 Serengeti ilipogawanywa. Wamaasai waliotolewa upande wa Serengeti waliambiwa wataendelea kuishi upande wa Ngorongoro na mifugo yao. Ukitoka Karatu mjini, mashamba yanakusindikiza hadi karibu na lango la Lodoare, la kuingilia hifadhini. Ukishavuka, hakuna tena jembe. Kulima ni marufuku.

Eneo hilo ndilo tarafa ya Ngorongoro, moja ya tarafa tatu za wilaya. Nyingine ni Loliondo na Sale. Makao ya wilaya yako Loliondo, mbali kaskazini. Mtu wa Endulen, ndani ya hifadhi, akitaka gunia la mahindi au spea ya pikipiki, hafikirii Loliondo. Anateremka Karatu. Mabwana anao wawili, halmashauri na mamlaka ya hifadhi, na soko lake liko wilaya nyingine, kwa jirani.

Sasa sikiliza. Tarehe 2 Agosti 2024 lilitoka Tangazo la Serikali namba 673. Likafuta katika tarafa hiyo kata 11, vijiji 25 na vitongoji 96. Watu walewale ambao karani wa sensa aliwapigia hodi miaka miwili nyuma, akaandika majina, umri, hata aina ya choo, wakaamka hawana kijiji.

Anayeishi mjini anaweza kudhani hilo ni suala la makaratasi tu. Ndiyo, ni makaratasi. Lakini kitambulisho cha Taifa unaanzia kwa mwenyekiti na mtendaji wa kijiji. Kumdhamini ndugu yako polisi, barua ya mtendaji. Mkopo, barua. Mtoto anaomba mkopo wa chuo, muhuri. Bila kijiji huo muhuri unaugonga wapi? Na wangempigia nani kura, uchaguzi wa serikali za mitaa wakati ule ukiwa umebakiza miezi mitatu?

Wananchi walijaa barabarani kuanzia tarehe 18 ya mwezi huohuo, magari ya watalii yakasimama. Tarehe 22 Mahakama Kuu Arusha ikasimamisha utekelezaji wa tangazo. Kesho yake waziri William Lukuvi akawa mbele ya wananchi, akiwa ametumwa na Rais, kuwaambia huduma zilizosimama zitarudi na kura watapiga.

Maoni yangu ni haya. Serikali ina haki ya kuchora upya mipaka. Karatu yenyewe isingekuwepo bila kalamu hiyo. Na mjadala wa watu, mifugo na wanyamapori ni mgumu, siudharau. Anayetaka watu wahame Ngorongoro kwenda makazi mapya ya Msomera awashawishi kwa hoja na kwa nyumba. Kufuta kijiji ambacho wenyewe bado wamo ndani ni kuwahamisha kwa kalamu.

Kwa hiyo ombi langu kwa TAMISEMI na kwa halmashauri zote mbili: safari ijayo mnapotaka kugusa kijiji, anzeni na mkutano mkuu wa kijiji hicho, na muhtasari wake uwe na saini za wenye kijiji kabla tangazo halijachapwa.